Druidi: Mganga wa Pori katika Mchezo wa Hadithi na Dadu



Wengi wenu mmepata kusikia habari za mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu huucheza wakiizunguka meza, kwa karatasi, kalamu na dadu. Wengine wameuona katika sinema, wakadhani ni mchezo wa watoto tu. Wengine wameambiwa kuwa ni uchawi, wakauogopa. Katika somo hili sitaueleza mchezo wote, maana ni mkubwa. Nitamchukua mhusika mmoja tu, aitwaye druidi, ambaye nguvu zake hutoka katika miti, wanyama, mvua na ardhi. Nimemchagua yeye kwa sababu tatu. Kwanza, ana historia ya kweli nyuma yake. Pili, mtu hawezi kumcheza vizuri bila kupiga hesabu. Tatu, anatuuliza swali ambalo si la mchezo hata kidogo: mtu mwenye elimu ya pori, aifanyie nini elimu hiyo?

1. MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1974 huko Marekani na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichapishwa na kampuni ndogo iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwanzoni ulikuwa ni vitabu 3 vyembamba ndani ya sanduku moja.

Huchezwa hivi. Mmoja wa wachezaji huwa msimamizi. Kazi yake ni kueleza mahali na mambo yanayotokea: “Mmefika mtoni. Daraja limevunjika. Ng'ambo mnaona moshi.” Wachezaji wengine kila mmoja ana mtu wake katika hadithi, na kila mmoja husema mtu wake afanya nini. Mmoja aweza kuwa askari, mwingine mwizi aliyeongoka, mwingine kuhani, mwingine druidi. Jambo likiwa rahisi, hufanyika tu. Likiwa la shaka, dadu hurushwa, na namba hukata shauri. Dadu iliyo kuu katika mchezo huu ina nyuso 20.

Hakuna mshindi kama katika bao au mpira. Wachezaji wote ni kundi moja, na furaha yao ni kuona hadithi itafika wapi. Basi mchezaji mwema si yule mwenye mtu mwenye nguvu kuliko wote, bali ni yule ambaye maamuzi yake huifanya hadithi ipendeze kwa wenzake pia.

2. TUMWITEJE KWA KISWAHILI?

Hapa pana somo la lugha. Katika vitabu vya mchezo, neno moja la Kiingereza hutumika kwa kila nguvu isiyo ya kawaida, iwe njema au mbaya. Kiswahili si hivyo. Lugha yetu hutenga uchawi na uganga. Mchawi hufanya kazi yake kwa siri ili adhuru watu. Mganga hutafutwa mchana, mlango u wazi, ili aponye. Tukimwita druidi “mchawi wa pori”, tutakuwa tumemhukumu kabla hajafungua kinywa. Afadhali tumwite mganga wa pori, kwa maana ajua mitishamba, huponya, na huiomba mvua inyeshe.

Walakini jina hilo nalo halitoshi, kwa sababu druidi ana ibada na miiko kama kuhani. Ndiyo sababu katika somo hili nitaliacha jina lake lilivyo, druidi, na wengi wao madruidi. Yale anayoyatenda nitayaita matendo ya uganga.

Je, mchezo wenyewe ni uchawi? Swali hili si geni. Katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi huko Marekani waliuogopa mchezo huu, wakisema unawafundisha vijana mambo ya mashetani. Hata chapa ya pili ilipotolewa mwaka 1989, majina ya mashetani yaliondolewa vitabuni ili kuituliza hofu hiyo. Lakini tazama kinachofanyika mezani. Mchezaji akisema, “Naita radi,” hakuna radi inayokuja. Hurusha dadu, akajumlisha namba, na wenzake wakacheka au wakahuzunika. Kijana anayeigiza mfalme katika tamthilia ya shule hapati ufalme, na vivyo hivyo kijana anayemcheza druidi hapati uganga. Anachopata ni mazoezi ya hesabu na ya kusema mbele ya watu.

3. MADRUIDI WA KALE

Madruidi hawakubuniwa na watengenezaji wa mchezo. Walikuwako kweli, nao walikuwa watu wenye heshima kubwa miongoni mwa Waselti, katika nchi ambazo leo ni Ufaransa, Uingereza na Ireland.

Julius Caesar, jemadari wa Roma aliyepigana vita vya Gaul tangu mwaka 58 kabla ya Kristo, aliandika habari zao. Alisema kwamba madruidi walisimamia sadaka, waliamua kesi za watu binafsi na za makabila, na waliwafundisha vijana. Hawakwenda vitani wala hawakutoa kodi. Mtu aliyekataa hukumu yao alifukuzwa katika sadaka, na watu wote walimwepuka. Tena alisema kwamba wengine walikaa masomoni miaka 20, kwa sababu kila jambo lilipaswa kushikwa kwa moyo. Hawakukubali mafundisho yao yaandikwe, ingawa katika shughuli nyingine walitumia herufi za Kiyunani.

Mrumi mwingine, Pliny Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, alieleza ibada yao moja. Madruidi waliuheshimu sana mwaloni, na zaidi ya hapo waliheshimu kirukia kilichoota juu ya mwaloni. Kirukia twakijua: ni mmea usioota ardhini, bali hukaa juu ya tawi la mti mwingine na kunyonya maji yake. Siku ya 6 ya mwezi mwandamo, asema Pliny, druidi aliyevaa nguo nyeupe alipanda mtini, akakikata kirukia kwa mundu wa dhahabu, na chini watu wakakipokea kwa nguo nyeupe. Kisha mafahali wawili weupe walichinjwa.

Mwisho wao katika nchi zilizotawaliwa na Roma ulikuwa wa huzuni. Watawala wa Roma waliwapiga marufuku. Karibu na mwaka 60 baada ya Kristo, jeshi la Roma lilivuka maji hadi kisiwa kiitwacho leo Anglesey, likawashinda watu waliokuwako, na kuikata misitu yao mitakatifu. Habari hiyo iliandikwa na Tacitus, naye pia alikuwa Mrumi. Kumbuka jambo hili, ewe msomaji, kwa maana tutalirudia: mashahidi wetu hao watatu wote walikuwa wa upande ulioshinda.

4. JINSI DRUIDI ALIVYOINGIA MCHEZONI

Katika vitabu vile 3 vya mwaka 1974 druidi hakuwamo. Wahusika walikuwa wa namna tatu: mpiganaji, mtu wa uchawi wa vitabuni, na kuhani. Mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, madruidi walitajwa mara ya kwanza, lakini kama watu wa kukutana nao njiani au kupigana nao tu. Hakuna mchezaji aliyeweza kuwa druidi. Mwaka 1976, katika nyongeza iitwayo Eldritch Wizardry, mlango ulifunguliwa, na druidi akawa mhusika wa mchezaji, akihesabiwa kuwa tawi la makuhani. Aliyemtunga ni Dennis Sustare. Katika vitabu vya zamani lilikuwako tendo moja kubwa la druidi, la kuita gari la moto, ambalo lilibeba jina lililofanana na la mtungaji huyo.

Mwaka 1978 kitabu kikubwa cha mchezaji kilimweleza druidi kwa urefu, na miiko yake ikawekwa wazi:

(a) Asivae vazi la vita la chuma, kwa sababu chuma huharibu uganga wake. Avae ngozi, na ngao yake iwe ya mti.

(b) Kirukia ndicho chombo chake kitakatifu.

(c) Asipendelee upande wowote. Wema na ubaya, sheria na fujo, kwake ni nguvu zinazopimana kama vitanga viwili vya mizani.

(d) Afikapo daraja la 7 aweza kujigeuza mnyama, ndege au nyoka na jamii yake, kila namna mara moja kwa siku.

(e) Nafasi za juu zina idadi. Katika daraja la 12 wako 9 tu, katika daraja la 13 wako 3, na katika daraja la 14 yuko mmoja, Druidi Mkuu. Atakaye kupanda lazima amshinde mmoja wa wale waliomtangulia.

Sasa tulinganishe na historia. Kirukia na heshima ya mwaloni vimetoka kwa Pliny. Mwiko wa vazi la vita la chuma hautoki kwa Caesar wala kwa Pliny wala kwa Tacitus. Na kazi mbili kubwa za druidi wa kweli, yaani uamuzi wa kesi na ualimu, karibu zimesahauliwa. Watengenezaji wa mchezo walichukua msitu na mundu, wakamwacha hakimu na mwalimu. Si kosa, kwa kuwa mchezo si kitabu cha historia. Lakini yafaa msomaji ajue lipi limetoka wapi, asije akaandika habari za mchezo katika mtihani wa historia.

5. HEKIMA NA HESABU

Tangu mwaka 1978 mchezo umebadilishwa mara kadhaa. Chapa ya tatu ilitoka mwaka 2000, ya tano mwaka 2014, na vitabu vya chapa hiyo ya tano vilirekebishwa mwaka 2024. Katika hesabu za somo hili nitafuata kitabu cha mwaka 2014.

Kila mtu katika mchezo ana sifa 6 zenye namba: nguvu, wepesi, afya, akili, hekima na mvuto. Mchawi wa vitabuni hutegemea akili, lakini druidi hutegemea hekima. Tofauti hii si ndogo. Mwenye akili ajua kwamba uyoga huu una sumu kwa sababu amesoma. Mwenye hekima huona kwamba nyani wameuacha uyoga huu, naye akauacha.

Namba ya sifa hugeuzwa kuwa nyongeza kwa kutoa 10, kisha kugawa kwa 2. Druidi mwenye hekima 16 ana nyongeza ya 3. Akiwa mwanafunzi wa daraja la kwanza ana pia nyongeza ya ustadi, ambayo ni 2. Namba ambayo adui lazima aifikie ili aukwepe uganga wake ni hii:

8 + 2 + 3 = 13

Tuseme mbwa mwitu 4 wanakuja mbio. Druidi anayaamuru majani na mizizi yawakamate miguu. Kila mbwa mwitu hurushiwa dadu ya nyuso 20, na kwa kuwa nguvu zake ni 12, huongezewa 1. Basi ili afike 13 lazima dadu ionyeshe 12 au zaidi. Nyuso za namna hiyo ni 12, 13, 14, 15, 16, 17, 18, 19 na 20, yaani nyuso 9 kati ya 20. Mbwa mwitu mmoja ana nafasi 45 katika 100 za kukwepa, na nafasi 55 za kunaswa.

Je, wote 4 wataweza kukwepa pamoja? Tunazidisha: 0.45 × 0.45 × 0.45 × 0.45, ambayo ni karibu 0.04. Ni nafasi 4 tu katika 100. Kwa hiyo druidi hana hakika ya kuwanasa wote, lakini ana karibu hakika ya kumnasa japo mmoja. Mchezaji ajuaye hesabu hii hawaambii wenzake, “Kaeni tu, nimewaweza.” Huwaambia, “Wawili hivi watanaswa. Jiandaeni kwa wawili.”

Tazama mfano wa pili. Druidi wa daraja la kwanza aweza kufanya tendo kubwa mara 2 tu kabla ya kupumzika usiku. Mwenzake ameumia. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwekea mkono na kumponya: dadu ya nyuso 8, kuongeza 3. Wastani wa dadu hiyo ni 4.5, basi wastani wa uponyaji ni 7.5. Haupungui 4 wala hauzidi 11. Njia ya pili ni kuyabariki matunda madogo 10 ya porini. Kila tunda humrudishia alaye nguvu 1, na zaidi ya hapo humshibisha siku nzima. Jumla ni 10, bila kubahatisha.

Ukitazama jumla tu, utasema matunda ni bora. Lakini vitani, mtu aliyeanguka hawezi kungoja kula matunda 7, moja baada ya jingine, maana kila moja linahitaji zamu yake. Hapo mkono ni bora. Na jangwani, ambako watu 10 hawana chakula, matunda yale hayana mfano. Jibu hutegemea mahali ulipo na kilichopungua.

6. KUVAA NGOZI YA MNYAMA

Jambo linalowavutia vijana zaidi ni kujigeuza mnyama. Katika kitabu cha mwaka 2014 druidi hulipata tangu daraja la 2, mara 2 kabla ya kupumzika. Mwanzoni hugeuka mnyama mdogo tu, asiyeruka na asiye na mwendo wa majini. Mnyama wa majini humpata katika daraja la 4, na mwenye mabawa katika daraja la 8. Anayetaka kuruka kama tai lazima angoje.

Ngozi hiyo ni ngao pia. Tuseme druidi ana nguvu za uhai 15, naye amegeuka mbwa mwitu mwenye 11. Akipigwa pigo la 14, uhai wa mbwa mwitu unakwisha, naye anarudi kuwa mtu. Pigo lililobaki ni 14 toa 11, yaani 3, na hilo linamfika yeye mwenyewe. Anabaki na 12.

Lakini kila kitu kina bei. Akiwa mbwa mwitu hawezi kusema, na asiyeweza kusema hawezi kufanya uganga wake mwingine mpaka afike daraja la 18. Wenzake wakiumia, hana dawa ya kuwapa mpaka arudi katika umbo lake. Kosa la wachezaji wengi wapya ni kuwa mnyama kila wakati, kisha wakashangaa kwa nini kundi limeshindwa. Ni kama mpishi aliyeondoka jikoni kwenda kupiga ngoma: ngoma ni tamu, lakini nani atapakua?

7. MFANO MKUBWA: KIJIJI NA MSITU

Sasa twende kwenye jambo zito. Nitatunga mfano ambao msimamizi yeyote aweza kuutumia.

Kiko kijiji chenye mashamba ya ekari 300. Kila ekari hutoa magunia 4 ya nafaka, basi mavuno ya mwaka ni magunia 1,200. Mwaka huu wamekuja watu waliokimbia vita, na sasa kijiji kinahitaji magunia 1,800. Wazee wameamua kuufyeka msitu, wapate ekari nyingine 150. Hesabu yao ni sahihi: ekari 450 mara 4 ni magunia 1,800. Katika msitu huo ndimo anamoishi druidi, na ndimo kijito cha kijiji kinamoanzia.

Druidi afanye nini? Mchezaji wa papara atasema, “Nawaita wanyama wakali, nawafukuza wanakijiji.” Huyo ameokoa miti, lakini ameua watoto kwa njaa. Mchezaji mwingine atasema, “Mimi sina upande, nitakaa kando nitazame.” Huyo ameushika vibaya ule mwiko wa kutopendelea. Mtu ashikaye mizani hakai kando ya mizani. Akiona kitanga kimoja kimeshuka, kazi yake ndiyo inaanza.

Druidi wa daraja la 5 anaweza kufanya tendo moja ambalo wachezaji wengi hulipita bila kulisoma, kwa sababu halimuui mtu. Akifanya ibada kwa saa 8, mimea yote iliyo ndani ya duara la nusu maili kila upande itazaa maradufu kwa mwaka mzima. Eneo la duara hilo ni 3.14 × 0.5 × 0.5, yaani karibu maili za mraba 0.785. Maili moja ya mraba ina ekari 640, basi duara lina ekari 500 hivi. Mashamba yote 300 ya kijiji, yakiwa pamoja, yanaingia humo na nafasi inabaki.

Tupige hesabu upya. Ekari 300 mara magunia 8 ni magunia 2,400. Kijiji kinakula 1,800. Yanabaki magunia 600, na msitu haukuguswa hata tawi.

Hapo wachezaji hushangilia. Lakini msimamizi mwenye busara atauliza swali moja zaidi: “Na druidi akifa?” Mwaka wa pili mashamba yatarudi kutoa magunia 1,200. Kijiji kikiwa kimeweka akiba yale 600, kitapata 1,800, nacho kitapona. Mwaka wa tatu hakuna akiba. Watu watakuwa walewale, njaa itakuwa ileile, na mashoka yatanolewa tena.

Basi uganga haukuuokoa msitu. Umewapa watu miaka miwili tu. Swali la kweli ni nini kitafanywa katika miaka hiyo miwili. Druidi anaweza kuwaonyesha wanakijiji jinsi ya kutumia samadi, kupumzisha shamba, kupanda kunde kati ya nafaka, kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mambo hayo hayahitaji dadu, wala hayafi druidi anapokufa. Mwaka wa tatu ndio utakaoonyesha kama alikuwa mganga tu, au alikuwa pia mwalimu kama madruidi wa Caesar.

8. ELIMU ISIYOANDIKWA

Kuna kikwazo kimoja. Katika mchezo, madruidi wana lugha yao ya siri, ambayo hawaruhusiwi kuwafundisha wengine katika vitabu vya zamani, na hata leo ni alama yao. Na madruidi wa kweli, kama tulivyoona, walikataa kuandika mafundisho yao. Caesar alidhani walikuwa na sababu mbili: hawakutaka elimu yao isambae kwa watu wote, na waliona kwamba mwanafunzi anayetegemea maandishi hulegea katika kukumbuka. Sababu ya pili si ya kudharauliwa. Kila mwalimu anajua mwanafunzi mwenye daftari jema na kichwa kitupu.

Lakini tazama matokeo. Walisoma miaka 20, wakajaza vichwa vyao sheria, habari za nyota na siri za mimea. Wenye elimu walipouawa au kukatazwa, elimu ilikwenda nao kaburini. Leo, mtu atakaye kujua madruidi waliamini nini hana budi kuwauliza Caesar, Pliny na Tacitus, yaani watu wa taifa lililowashinda. Masimulizi ya Ireland yanayowataja yaliandikwa karne nyingi baadaye na watawa wa Kikristo. Hakuna ukurasa mmoja wa mafundisho yao walioandika wao wenyewe. Ndiyo sababu pia ilikuwa rahisi kwa watu wa baadaye kuwapa mambo ambayo si yao. Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba madruidi ndio waliojenga mawe makubwa ya Stonehenge, hali mawe yale yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Caesar kuzaliwa. Aliyekufa bila kuandika hawezi kukanusha.

Mkifungua chama cha mchezo huu katika shule yenu, na mmoja wenu akamcheza druidi, mimi ningependa asianze kwa kuuliza, “Naweza kugeuka mnyama gani?” Aanze kwa kuuliza, “Mtu wangu anajua nini, na nani atakijua baada yake?” Na akitaka kuueleza msitu wake mbele ya wenzake, asiazime majina ya miti ya Ulaya asiyopata kuiona. Aende kwa bibi au babu yake na daftari, aulize majina ya miti 10 ya karibu na kwao, kila mmoja unaota wapi, una faida gani, na una hatari gani, ayaandike kama alivyoambiwa. Wenzake mezani wataupenda msitu wake. Na daftari lile litabaki baada ya mchezo kwisha.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya uchawi na uganga. Kwa nini mwandishi hakumwita druidi mchawi?

2. Taja jambo moja ambalo mchezo umelichukua kwa Pliny, na mambo mawili aliyoyasema Caesar ambayo mchezo umeyaacha.

3. Druidi wa daraja la kwanza ana hekima 18. Adui lazima afikie namba gani ili aukwepe uganga wake? Mbwa mwitu mwenye nyongeza ya 1 ana nyuso ngapi za kumwokoa?

4. Druidi mwenye nguvu za uhai 20 amegeuka mnyama mwenye 11. Anapigwa pigo la 9, kisha pigo la 8. Anabaki na ngapi, na sasa yuko katika umbo gani?

5. Katika mfano wa kijiji, tuseme wakimbizi wameongezeka na mahitaji yamekuwa magunia 2,000 kwa mwaka. Druidi akifanya ibada mwaka wa kwanza tu, kijiji kitapungukiwa magunia mangapi mwaka wa pili?

6. Mjadala: “Elimu ya mimea na iwe siri ya wachache, isije ikatumiwa vibaya.” Darasa ligawanyike pande mbili. Kila upande utoe hoja tatu, na katibu aziandike.